Usiku Kompyuta Zilipotaka Kuturudisha kwa Mjerumani

Chukueni kalamu, wajukuu, tuanze na hesabu. Bibi mmoja wa Upare alizaliwa mwaka 1935. Mwaka 1999 alikuwa na umri gani? Mnatoa 1935 kwenye 1999, mnapata 64. Sasa rudieni hesabu hiyohiyo kivivu, kwa tarakimu mbili za mwisho tu: 99 toa 35. Jibu ni lilelile, 64, na wino mmeokoa. Haya, sogezeni mwaka mmoja mbele. Mwaka 2000 ukiandikwa kivivu ni 00. Sifuri toa 35 ni hasi 35. Kwa hesabu hiyo bibi hajazaliwa, bado miaka 35 azaliwe, na mtu ambaye hajazaliwa halipwi pensheni.

Kosa hilo dogo ndilo lililoitikisa dunia mwishoni mwa karne iliyopita. Wataalamu waliliita Y2K. Sisi redioni tulilisikia kama tatizo la mwaka 2000. Ninyi mlikuwa hamjazaliwa, na baadhi ya wazazi wenu walikuwa bado wamevaa sare za shule hapa Kileo, Kifaru, Usangi au Same. Leo likitajwa, watu wazima hucheka na kusema tulitishwa bure. Nataka niwaeleze kwa nini kicheko hicho hakiwatendei haki watu wengi waliokesha kazini, na kwa nini upande mwingine wa hofu ile hauchekeshi hata kidogo.

Tuanze na uvivu wenyewe, maana haukuwa uvivu. Miaka ya 1950 na 1960 kompyuta ilikuwa na ukubwa wa chumba, na habari iliingizwa kwa kadi za karatasi ngumu zilizotobolewa matundu. Kadi moja ilibeba herufi 80 tu. Humo liingie jina la mtu, namba yake, mshahara wake, anuani yake na tarehe. Nafasi ya kuhifadhi habari ndani ya mashine nayo ilikuwa ghali mno. Ukiondoa ile 19 inayojirudia mbele ya kila mwaka, umeokoa nafasi mbili katika kila tarehe, na benki ina tarehe mamilioni. Waliofanya hivyo walikuwa watu makini. Waliamini kwamba kabla ya mwaka 2000 programu zao zitakuwa zimetupwa siku nyingi na nyingine bora zimeandikwa.

Hazikutupwa. Programu inayofanya kazi hakuna mtu anayetaka kuigusa. Benki, mashirika ya bima, hospitali na serikali ziliendelea kujenga juu ya programu za zamani, moja juu ya nyingine, hata waliozijua undani wake wakastaafu. Mmarekani mmoja, Bob Bemer, alianza kuandika onyo tangu mwaka 1971. Watu walimwona anahangaikia jambo la mbali. Mwaka 1993 Peter de Jager wa Canada alichapisha makala kali katika gazeti la Computerworld, akitaja siku ya kiama ya kompyuta. Safari hii wakubwa wa makampuni walishtuka, maana miaka ilikuwa imebaki saba tu.

Kompyuta ikiona 00 ingefanya nini? Nyingine zingegoma. Nyingine zingesoma mwaka 1900 na kuendelea na kazi bila wasiwasi, na hizo ndizo zilizoogopwa zaidi, kwa sababu mashine inayogoma unaiona, ila inayokosea kimyakimya huioni. Fikirini maana yake kwetu. Mwaka 1900 Upare ilikuwa chini ya Wajerumani. Tarehe 1 Januari 2000 ilikuwa Jumamosi, lakini 1 Januari 1900 ilikuwa Jumatatu. Wasabato wa Upare, ambao wamisionari wao wa kwanza walifika Giti mwaka 1903, wangeamka siku ya Sabato na kuambiwa na mashine kwamba leo ni Jumatatu, nendeni kazini, tena Sabato yenyewe bado miaka mitatu iletwe milimani! Hapo mnaweza kucheka. Lakini mashine ileile ndiyo ingekokotoa riba ya mkopo, tarehe ya dawa kuharibika na zamu za wafanyakazi.

Kadiri mwaka 1999 ulivyosogea, hofu ilitoka ofisini ikaingia mitaani. Ilisemwa kwamba ndege zitaanguka saa sita ya usiku, fedha za benki zitafutika, umeme utazimika dunia nzima, hata makombora ya nyuklia yatajirusha yenyewe. Marekani watu walinunua jenereta, mishumaa, maji na vyakula vya makopo, na benki kuu ya nchi hiyo ikaweka tayari noti za ziada za dola bilioni 50, kwa kuhofia kwamba kila mtu atakwenda kutoa akiba yake kwa mkupuo. China ilitangaza kwamba wakuu wa mashirika yake ya ndege watatakiwa kuwa ndani ya ndege, angani, saa hiyo ikitimia. Agizo hilo lina akili yake: anayesema mambo ni salama, na apande yeye.

Na huku kwetu je? Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya kuona fedha nyingi zinakwenda na faida haionekani. Masharti yalikuja kulegezwa taratibu, kwa hiyo kufikia 1999 mashine zilikuwa zimeenea mijini, kwenye mabenki, simu, viwanja vya ndege na ofisi kubwa. Vijijini zilikuwa nadra. Akiba ya wengi ilikuwa ng'ombe na magunia ya mahindi, na nyumba nyingi zilimulikwa kwa chemli na koroboi. Hata umeme wetu wa mto Pangani, kuanzia mtambo mdogo wa megawati 8 kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu hadi ule wa megawati 68 wa Pangani uliozinduliwa mwaka 1995, husukumwa na maji, na maji hayaulizi tarehe. Kinachoweza kuuliza tarehe ni kompyuta inayoongoza mtambo. Tena tulikuwa tumekwishazoea mgao. Miaka ya 1990 ukame ulipopunguza maji mabwawani, taa zilikatwa kwa zamu. Umeme ungekatika usiku ule, nani angejua kama ni Y2K au ni mgao?

Hata hivyo hofu ilitufikia, kwa sababu hofu haihitaji waya. Ilikuja kwa redio, kwa barua na kwa abiria wa mabasi wanaoshuka Kifaru na habari za Dar es Salaam. Njiani ilibadilika. Habari za tarakimu mbili zilikuwa ngumu kusimulia gengeni, lakini mwisho wa dunia ni rahisi. Kuna waliounganisha namba 2000 na unabii wa kila aina. Nchi yenyewe ilikuwa na simanzi, maana Mwalimu Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba mwaka huohuo, na mtu aliyefiwa na mzee wake husadiki upesi kwamba mengine mabaya yanafuata.

Sasa tufike usiku wenyewe. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 31 Desemba 1999. Waislamu walikuwa katika mwezi wa Ramadhani, mwaka wao ukiwa 1420. Wasabato walifungua Sabato jua lilipozama. Walutheri na wengine walijiandaa kwa mkesha wa mwaka mpya. Jirani zetu wa Ethiopia, wenye kalenda yao, walikuwa mwaka 1992, na mwaka 2000 wao waliusherehekea Septemba 2007. Hapo mjifunze jambo: mwaka 2000 ulikuwa makubaliano ya watu. Jua, mwezi na mvua za vuli havikuwa na habari nao. Waliokuwa hatarini ni waliofundishwa kalenda hiyo peke yake, yaani kompyuta.

Tena saa sita ya usiku haikufika duniani kote kwa pamoja, na hilo ndilo ambalo wengi walisahau katika hofu yao. Kisiwa cha Kiritimati, nchini Kiribati, kiliingia mwaka 2000 wakati saa zetu zinasema saa saba mchana. New Zealand ilifuata saa nane. Sydney, Australia, waliingia saa kumi jioni yetu, fataki zikarushwa na taa hazikuzimika. Saa kumi na mbili jioni ikawa zamu ya Tokyo. Kwa hiyo Mwislamu wa Usangi alipokuwa anafuturu kwa tende na uji, Japani nzima, pamoja na mabenki yake na vinu vyake vya nyuklia, ilikuwa imekwishavuka. Aliyekuwa na redio na betri nzima angeweza kulala mapema. Saa sita yetu ilipogonga, watu waliimba, mbwa wakabweka, chemli zikaendelea kuwaka. London walivuka saa tisa usiku, New York saa mbili asubuhi, nasi tukiwa tumeshaamka.

Je, hakuna kilichoharibika? Vipo vilivyoharibika. Japani, kengele ya tahadhari ililia kwenye kituo cha nyuklia cha Onagawa dakika mbili baada ya saa sita, ila hapakuwa na hatari. Marekani ilipoteza kwa saa kadhaa uwezo wa kusoma habari kutoka kwa baadhi ya setilaiti zake za ujasusi. Kituo chao cha jeshi la majini kinachotunza saa rasmi ya nchi kiliandika kwenye tovuti yake kwamba mwaka ni 19100, kwa sababu programu ilikuwa inahesabu miaka tangu 1900, na baada ya 99 ikaja 100. Mteja mmoja wa duka la kukodisha kanda za video huko New York alidaiwa dola 91,250, kwa kuwa mashine ilidhani amekaa na kanda kwa miaka 100. Hayo yanachekesha. Lakini Sheffield, Uingereza, programu ya maabara ya hospitali ilikosea kukokotoa umri wa kina mama wajawazito, ile hesabu yetu ya bibi, na zaidi ya wanawake 150 wakapewa majibu yasiyo sahihi kuhusu afya ya watoto waliowabeba. Kosa halikugunduliwa kwa miezi. Hicho kilikuwa kipande kimoja kilichoponyoka. Vingeponyoka vyote, tusingecheka.

Kwa nini havikuponyoka vyote? Kwa sababu watu walifanya kazi. Kampuni ya utafiti ya Gartner ilikadiria kwamba dunia ingetumia kati ya dola bilioni 300 na 600 kurekebisha tatizo hili. Umoja wa Mataifa uliwakutanisha wajumbe wa nchi zaidi ya 100 mwezi Desemba 1998, na miezi michache baadaye kikaanzishwa kituo cha ushirikiano kilichosaidiwa na Benki ya Dunia. Programu zilipitiwa mstari kwa mstari. Nyingi zilikuwa zimeandikwa kwa COBOL, lugha ya kompyuta iliyobuniwa mwaka 1959, hivyo wazee waliostaafu waliitwa warudi kazini, maana vijana hawakuijua. India iliona nafasi: makampuni kama Infosys na Tata yalichukua kazi hiyo kwa wingi, na wateja waliopatikana wakati ule walisaidia kuifanya Bangalore mji unaotajwa dunia nzima kwa programu.

Dawa zilikuwa mbili. Ya kwanza, kupanua nafasi ya mwaka iwe na tarakimu nne. Ni dawa kamili, ila inachukua muda, kwa kuwa kila jedwali na kila fomu lazima viguswe. Ya pili ni ya haraka: unaiambia mashine kwamba ikiona namba kuanzia 00 hadi 49, isome 2000 na kitu, ikiona 50 hadi 99, isome 1900 na kitu. Mnaona tatizo liko wapi? Mwaka 2050 programu hiyo itakwama upya. Walioitumia walisema tena maneno yaleyale ya miaka ya 1960: kufikia wakati huo itakuwa imeshatupwa.

Najua mmoja wenu atauliza: Babu, mbona nchi zilizofanya kidogo nazo zilivuka salama? Ni swali zuri, na wakubwa pia waliliuliza. Italia na Urusi zililaumiwa kwa kuchelewa, lakini hazikuanguka. Pengine fedha nyingine zilitumika bila sababu, na wapo wafanyabiashara waliouza hofu kama wengine wanavyouza maandazi. Lakini kumbukeni kwamba programu nyingi ni zilezile dunia nzima. Aliyeitengeneza akiirekebisha Marekani, toleo lililorekebishwa linafika Roma, Moscow na Dar es Salaam. Waliochelewa walivuka kwa daraja lililojengwa na waliowahi, na sisi tukiwamo.

Ninyi wa Upare mnalielewa hili kuliko wengi. Mnazijua ndiva zetu, mabwawa madogo yaliyochimbwa na wahenga mabondeni milimani, yanayokusanya maji usiku ili asubuhi yaachiwe kwenye mifereji ya mashamba. Kabla ya mvua wanakijiji huitwa kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji: kuzoa tope, kuziba nyufa, kushindilia kingo. Mvua zikija na ndiva ikashika, hakuna anayewapongeza waliozibua tope. Kuna hata atakayesema, mbona ndiva haijawahi kupasuka, mnatuchosha na jembe kwa nini? Haijawahi kupasuka kwa sababu ya jembe. Wataalamu wa Y2K walipatwa na hayo hasa. Kazi yao ilipofaulu, ushahidi wa hatari ukatoweka pamoja na hatari.

Lakini nimesema kuna upande usiochekesha. Uganda, huko Kanungu, kulikuwa na kundi la kidini lililoongozwa na Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde. Liliwaambia wafuasi wake kwamba dunia itakwisha tarehe 31 Desemba 1999. Watu waliuza mali zao na kujitenga na ndugu zao. Tarehe ikapita. Badala ya kukiri, viongozi wakataja tarehe nyingine. Ijumaa, 17 Machi 2000, kanisa lao liliteketea kwa moto likiwa na watu ndani, na baadaye makaburi mengine yakafukuliwa. Waliokufa ni mamia, watoto wakiwamo. Kundi hilo halikuwa na habari na kompyuta. Liliogopa namba ileile, basi.

Tazameni hofu hizo mbili zikiwa pamoja, maana zilitazamia usiku mmoja. Hofu ya wataalamu ilikuja na orodha ya kazi: programu hii ipitiwe, mashine ile ijaribiwe, na tutajua tumemaliza tukisogeza saa yake mbele hadi mwaka 2000 na kuona inavyofanya. Mtu yeyote angeweza kuipima, na yeyote angeweza kuonesha kwamba wamekosea. Hofu ya Kanungu ilikuja na tarehe peke yake. Haikumpa mtu kazi ila kutii, kutoa mali na kungoja, na ilipokosea haikukubali kukosolewa. Basi hofu ikiwafikia, hata ikiwa ujumbe wa simu unaowataka mwusambaze kwa watu kumi kabla ya usiku, iulizeni maswali mawili. Inataka tufanye kazi gani? Na tutajuaje kwamba tumeimaliza? Ikiwa na majibu, chukueni jembe. Ikikosa, izimeni simu mkalale.

Na jembe lipo linalowangoja. Kompyuta nyingi hazihesabu miaka kabisa. Huhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970, saa tisa usiku kwa saa zetu za Afrika Mashariki. Zile za zamani, zenye nafasi ya biti 32, zinaweza kufika sekunde 2,147,483,647 na si zaidi. Sekunde hizo zitajaa Jumanne, tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi, watoto wenu wakijiandaa kwenda shule. Sekunde inayofuata, mashine ambayo haijarekebishwa itaruka nyuma hadi usiku wa 13 Desemba 1901, Mjerumani akiwa bado yuko Moshi.

Kompyuta na simu mpya nyingi zimekwishapewa nafasi ya biti 64, inayotosha kwa miaka mabilioni. Zitakazosumbua ni mashine zilizofungwa mahali na kusahauliwa: za kupimia maji, za kuongoza mitambo, zile ndogo ndani ya vifaa ambavyo hakuna anayeviita kompyuta. Kwa hiyo fundi akija kufunga kifaa kwenye mradi wa maji, kwenye zahanati au kwenye kinu cha mpunga, mmoja wenu amuulize: programu hii inahesabu hadi mwaka gani? Akijibu hajui, andikeni jina la kifaa, namba yake na tarehe kilipofungwa kwenye daftari la mradi. Msaragambo wa mwaka 2038 unaanza na daftari hilo.